Sifuri ya Fundi Kang

Tseng Huo-wang,
Karakana ya Kukereza Vyuma,
Shenkang, Taichung.
Jumanne, siku ya kumi na sita, mwezi wa sita kwa kalenda yetu ya zamani.

Kwa Ndugu Mhariri,
Jarida la Chama cha Karakana Ndogo za Vyuma.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA NYUMBANI KWANGU NA UKURASA WENU WA KUMI NA NNE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kiyoyozi cha ofisini kwako hakijakata roho kama changu. Mimi ni msomaji wenu wa miaka ishirini na miwili. Ada ya chama nalipa kila mwaka, hata mwaka ule wa mafuriko nililipa huku nimesimama ndani ya maji. Sijawahi kuwaandikia. Mlipochapisha picha ya mashine ya kukereza ikiwa kichwa chini, nilinyamaza, nikaligeuza jarida. Lakini safari hii mmenigusa pabaya, na nikinyamaza nitapasuka.

Toleo la mwezi uliopita lilikuwa na makala ya namna ya kuchagua vipimo sahihi kwa bei nafuu. Mwandishi hakutaja jina lake, na ningekuwa yeye nami nisingelitaja. Anasema karakana ndogo isinunue jina kubwa. Inunue maikromita ya kupimia unene, ya bei ya wastani, yenye cheti cha upimaji, inunue na kipande kimoja cha chuma cha kulinganishia, kisha kila asubuhi irudishe kipimo chake kwenye sifuri. Basi, hayo tu. Kwa maneno hayo machache mmeingia kwangu bila kubisha hodi, mkaketi katikati ya mimi na binti yangu.

Binti yangu anaitwa Pei-jung, ana miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akifanya kazi ofisi ya bima huko Taipei, akaiacha mwenyewe mwaka juzi akarudi nyumbani kunisaidia. Mimi nakereza, yeye anashughulika na karatasi na muhuri wa karakana. Mgawanyo mzuri, hakuna aliyelalamika, au kama kuna aliyelalamika mimi sikusikia kwa kelele za mashine. Sasa amesoma ukurasa wenu, akatoa pesa yake mwenyewe mfukoni, akanunua maikromita ya namba za kuwaka, dola zetu za Taiwan elfu moja na mia tatu. Viatu vya mvua vya mke wangu vimeizidi bei.

Jambo lenyewe ni hili. Nina shafti mia mbili na arobaini, unene milimita ishirini, za kiwanda kimoja cha Changhua kinachounda mashine za kufunga mikebe. Lori linakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Nimezikereza kwa mikono hii, nimezipima moja moja, zote ishirini kamili. Pei-jung amezipima kwa kile kidude chake, anasema zote zimezidi kwa tiao mbili. Tiao moja, kwa faida ya mwandishi wenu ambaye huenda hajawahi kushika chuma, ni sehemu moja katika mia ya milimita. Amekataa kupiga muhuri fomu ya ukaguzi. Amesema hivi, na mama yake anasikia: "Baba, ukizipeleka hizi, Ijumaa hiyo hiyo na mimi napanda treni. Sitaki niwe hapa zikirudishwa."

Sasa mnaona mlichokifanya. Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo, kwa heshima zote.

1. Kipimo changu, maikromita ya zamani ya mistari, kimetukanwa. Nilipewa mwaka 1989 na mwalimu wangu, marehemu Fundi Kang Chin-shui, siku nilipomaliza kujifunza kazi. Alinipa kwa mikono miwili, kimefungwa kwa kitambaa chekundu. Sifuri yake iliwekwa kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ni nani niiguse? Tangu siku ile, miaka thelathini na sita, sijaigusa. Ni kweli kwamba ukikifunga kabisa bila kitu katikati, mstari unasimama tiao mbili chini ya sifuri. Pei-jung amenionyesha jambo hilo huku amekodoa macho kama aliyekamata mwizi wa kuku. "Baba, huu mstari ulikuwa hapo tangu zamani?" Nilimjibu kwamba Fundi Kang alikuwa mtu wa mafumbo, na kama mstari umeshuka basi alikuwa na sababu zake, na si kazi ya mwanafunzi kumkagua mwalimu. Akaenda kufua.

2. Kidude hicho hakijafunzwa kazi. Mimi nimejifunza miaka mitatu na miezi minne, kama kila mkereza wa rika langu. Mwaka wa kwanza sikugusa mashine. Nilifagia takataka za chuma, nilibeba watoto wa mwalimu mgongoni, nilitumwa tambuu za wageni kwenye jua kali. Mwaka wa pili niliruhusiwa kupaka mafuta. Hiki kimefika Jumapili ndani ya boksi la karatasi, Jumatatu kinamkosoa mwenye nyumba! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya pili kakabidhiwa muhuri. Nashauri, kwa nia njema kabisa, kikae kwanza kwenye rafu miaka mitatu na miezi minne kikitazama wenzake wanavyofanya, ndipo kiruhusiwe kutoa maoni.

3. Kinazimika chenyewe. Ukikaa dakika tano bila kukigusa kinalala. Mimi sijawahi kulala kazini.

4. Hapa naomba usome polepole, maana hoja ni nzito. Pei-jung alinunua pia kile kipande cha chuma cha kulinganishia, milimita ishirini kamili, kimekuja na cheti kutoka maabara ya vipimo. Nimekipima kwa kipimo cha Fundi Kang. Kimetoa ishirini kasoro tiao mbili. Mtu mwepesi wa kusadiki atasema kipimo kibovu. Mimi nilikaa chini nikafikiri. Maabara hizo zinawekwa kwenye baridi ya nyuzi ishirini, usiku na mchana, kiangazi na kipupwe. Na chuma kwenye baridi hunywea, hilo hata mwanafunzi wa kufagia analijua. Kwa hiyo kipande hicho kimekulia kwenye kiyoyozi, kimedumaa. Na kama hiki kimedumaa, vyote vilivyotoka chumba kile vimedumaa, na kila kipimo nchini kilichorekebishwa kwa vipande hivyo kinasema uongo, na kila mashine iliyoundwa kwa vipimo hivyo ni nyembamba kwa tiao mbili. Ndugu Mhariri, nilipofika hapo nilitokwa na jasho. Inawezekana kabisa kwamba Taiwan nzima imepungua, na kipimo sahihi kilichobaki ni kimoja, kiko kwenye mfuko wa shati langu.

5. Nimeuliza hata juu. Leo ni siku ya kumi na sita, siku ya kumpelekea Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa mtaa, matunda na ubani kama wafanyavyo wenye karakana wote. Nimepiga magoti kwenye hekalu dogo la mtaa wetu nikauliza wazi, bila kona: je, kipimo cha Fundi Kang ni cha kweli? Nikarusha vile vipande viwili vya mti vya kupigia ramli. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ni ndiyo. Vyote vikilala chali, Babu anacheka. Nimerusha mara tatu. Amecheka mara tatu. Mimi jibu nalielewa vizuri sana: anakicheka kidude. Mke wangu Hsiu-chih, aliyekuwa amebeba kikapu cha matunda, akadakia, "Baba Pei-jung, ungekuwa wewe ndiye Babu, usingecheka?" Nimeona niliweke wazi jambo hili kabla hajaliandika yeye.

6. Nimedhalilishwa mbele ya jirani. Bwana Ho Kun-tsai, mwenye mashine ya kusaga vyuma hapo upande wa pili wa kichochoro, huja kwangu kila alasiri kunywa chai. Jana kakaa, kamimina chai yangu, kala karanga zangu, halafu kaniuliza kwa upole wa kinafiki, "Huo-wang, mimi sijui kitu, nauliza tu. Beringi zinaingia?" Nikamwambia beringi zinaingia kwa mwenye nguvu. Kweli, kile kiwanda cha Changhua kilirudisha shafti zangu mwezi wa pili, na tena mwezi wa nne, kikidai beringi hazipandi. Niliwaambia wapige nyundo. Nyundo zinauzwa kila duka. Wakajibu kwamba safari ya tatu ndiyo ya mwisho, watatafuta mkereza mwingine. Ho akasema, "Wenzako wanataka beringi iingie, hawataki vita." Damu ikanipanda. Nikaapa pale pale, mbele yake na mbele ya mke wangu: ikithibitika kwamba kipimo cha Fundi Kang kimekosea, Pei-jung atasimama kwenye mashine yangu na mimi nitashika ufagio. Kabla sijafunga mdomo, Hsiu-chih alikuwa ameshayaandika maneno hayo kwenye kalenda ya ukutani, na tarehe kaweka.

Naomba ieleweke kwamba hilo la kusimama kwenye mashine si jambo dogo. Pei-jung amelitaka tangu ana miaka sita. Nimemkatalia kila mara. Mashine ya kukereza haina macho. Ikishika nywele haiachii, ikishika mkono wa shati haiulizi wa nani. Mimi mwenyewe nina vidole tisa na nusu. Ndiyo maana nikampa karatasi, karatasi haing'ati. Yeye anadhani namdharau. Basi na adhani.

7. Nyumba imeharibika jikoni pia. Mke wangu amekiazima kile kidude, sasa anapimia vipande vya tango chungu kabla ya kuvitia kwenye supu, kila kimoja milimita nne. Nikisema supu haina chumvi ananiuliza, "Kwa kipimo kipi?" Nikisema leo kuna joto, "Kwa kipimo kipi?" Jana nimesema nampenda, ingawa kwa hasira, akauliza vile vile. Na jioni nilipokuwa nalalamika kwamba mwandishi wenu haoni makosa yake, akasema nyani haoni kundule, akaendelea kuosha vyombo. Ndugu Mhariri, mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na mitatu.

Kwa hayo yote ninaomba yafuatayo, na ninaomba kwa unyenyekevu. Mchapishe kanusho kwenye ukurasa wa kwanza, si wa kumi na nne, na nakala inifikie kabla ya Ijumaa saa nne ili nimwonyeshe Pei-jung apige muhuri. Mwandishi aje Shenkang, ainame mara tatu mbele ya kipimo cha Fundi Kang; ubani nitamnunulia mimi. Chama kiiandikie ile maabara irefushe vipande vyake vyote kwa tiao mbili, na kama haiwezekani, basi wanachama wote waagizwe kunenepesha kazi zao kwa kiasi hicho, na watengenezaji wa beringi wapanue matundu, ili tuwe sawa sote na asionewe mtu. Naona ni njia nyepesi kuliko kugusa sifuri ya marehemu.

Kama ushahidi nitaambatanisha maneno ya mjane wa Fundi Kang, Mama Mwalimu, ambaye sasa ana miaka themanini na mitatu na anaishi Tachia kwa mwanawe wa pili. Kesho asubuhi nitampigia simu nimwombe athibitishe ubora wa kipimo hicho, kisha barua itaondoka.

Nisalimie wachapaji wote, na yule mama anayepokea simu zenu ambaye huwa ananiambia mhariri ametoka. Msalimie mlinzi. Wasalimie wanao, na mzazi wako kama bado yupo. Nakutakia afya, na mashine zenu za kuchapa zisiwakwamie.

Wako katika kazi ya chuma,
Tseng Huo-wang
(mwanafunzi wa Fundi Kang Chin-shui)

N.B. Jumatano, jioni.

Nimempigia Mama Mwalimu. Niliweka simu kwenye sauti kubwa ili Pei-jung na mama yake wasikie kila neno. Wakati ule niliona ni akili.

Akasema, "We Huo-wang! Kile kitu bado unacho? Loo, mimi nilidhani ulishakitupa." Nikamwomba awaeleze watu wa nyumbani kwangu thamani yake. Akacheka mpaka akakohoa, nikasikia wanamletea maji. "Thamani gani, mwanangu? Mzee alikinunua kwenye soko la mitumba. Ndicho kilikuwa cha bei ya chini kabisa pale mezani, na hata hivyo tulikula uji mtupu wiki nzima. Ndiyo maana kila asubuhi, chai hajanywa, lazima akifute, akifunge, akirudishe kwenye sifuri na kale kafunguo kake. Hakuacha hata siku moja, hata Mwaka Mpya. Alikuwa anasema kitu rahisi kitakutumikia ukikiangalia kila siku. Si ndivyo unavyofanya?"

Nikasema ndiyo, Mama Mwalimu. Pei-jung alikuwa amesimama mbele yangu. Nikasema hapana, Mama Mwalimu, sijawahi. Akasema, "Jamani! Basi mzee wako angekutandika," akaniuliza kama nimekula.

Kafunguo ninako. Kalikuwa ndani ya boksi muda wote, na kwa miaka thelathini na sita nimekuwa nikikatumia kusafishia masikio.

Pei-jung akauliza, "Baba, nikishike?" Hajawahi kukishika. Nikampa. Amekifuta kwa karatasi nyeupe, karatasi ikatoka nyeusi. Akakifunga, akazungusha kidogo na kafunguo, basi. Mimi kufunga kamba za viatu hunichukua muda mrefu zaidi. Tumepima kile kipande kilichodumaa: ishirini kamili. Tumepima shafti: ishirini na tiao mbili. Nyingine, ishirini na tiao mbili. Nilipofika ya kumi nikakaa juu ya kreti. Niliona aibu, Ndugu Mhariri, aibu ya kweli, nikawafikiria wale watu wa Changhua na nyundo zao. Nikamwambia tumekwisha, nimeharibu chuma chote.

Akasema, "Baba, nene zinapunguzwa. Zingekuwa nyembamba ndiyo tungelia. Msasa laini uko wapi?" Akafunga nywele zake, akazifunga tena kwa kitambaa, akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko bila kuambiwa. Nimesimama ubavuni mwake mkono wangu ukiwa kwenye swichi ya kuzimia, na moyo unanidunda kuliko siku niliyooa. Shafti ya kwanza imemchukua dakika kumi na mbili. Beringi imeingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ho alikuwa mlangoni na kikombe chake, akakiweka chini akaenda kuleta msasa wake. Sasa wamefika shafti ya thelathini na moja, na mimi nimefagia sakafu mara mbili.

Kwa hiyo naomba barua hii usiichapishe. Ningeichana, ila Hsiu-chih amesema nikiichana atakuandikia yeye kwa mkono wake, na mimi mwandiko wake naujua. Mkikosa cha kujazia ukurasa ichapisheni, lakini wekeni jina la Ho. Mwandishi wa ukurasa wa kumi na nne mpeni salamu, na mwambieni asije kuinama, barabara yetu inachimbwa.

Kuna jambo moja si la malalamiko, sijui niliandike wapi. Tangu jana begi la Pei-jung lilikuwa limekaa mlangoni, limefungwa zipu. Sasa hivi nimeingia ndani kutafuta bahasha, halipo. Nimepanda ngazi kwa ncha za vidole nikachungulia chumbani kwake. Nguo zimerudi kabatini, na begi lenyewe kalisukumia chini ya kitanda. Sijamuuliza. Nimeshuka taratibu nikarudi kusimama pale kwenye swichi kama mtu ambaye hajaona kitu.